Kutoka Lunga Lunga hadi Lunga Lunga

Mwezi Agosti 2025 mpwa wangu alinipigia simu kutoka Nairobi akaniambia wamemng'olea mlango. Alikuwa nyuma kwa kodi ya mwezi mmoja na nusu, na mwenye nyumba alipochoka kudai alimtuma kijana na nyundo, akang'oa mlango wa mbao pamoja na bawaba zake, akaondoka nao. Usiku ule mpwa wangu alilala na shuka limetundikwa mlangoni, vyombo na jiko la gesi amewekewa na jirani. Huyu ni mtoto wa marehemu dada yangu, mtu mzima mwenye nguvu zake, ambaye kila siku ya Mungu huamka saa kumi usiku kutafuta kazi. Deni nililituma siku ileile kwa simu, na kesho yake mlango ukarudishwa. Lakini sikutulia. Nilifunga begi nikamfuata.

Mimi ni mtu wa Tanga. Baba yangu alikata mkonge katika shamba moja upande wa Muheza, nami nilizaliwa kambini, kwenye zile safu za nyumba ambazo wenye mashamba waliwajengea manamba. Sizisifu nyumba zile. Familia nzima chumba kimoja, choo cha shimo mbali, na siku baba akiacha kazi hata chumba chenyewe si chako tena. Ila wenye mashamba walikubali jambo moja: ukitaka mtu awe shambani alfajiri, lazima umpe pa kulala jana yake. Nilisafiri na jambo hilo kichwani, na kila nilichokiona njiani nilikipima nalo.

Kutoka Tanga hadi mpaka wa Horohoro si safari ndefu. Ng'ambo ya pili ni Lunga Lunga, mji mdogo wa Kaunti ya Kwale, ambako nilibadilisha fedha, nikanywa chai na mahamri, nikapanda matatu ya Likoni. Msomaji aliweke jina la Lunga Lunga akilini, kwa sababu safari yangu iliishia katika Barabara ya Lunga Lunga, eneo la viwanda la Nairobi, na huko huko kuna Barabara ya Likoni pia. Sijui walioyapeleka majina ya pwani kule walikusudia nini. Mimi yalinifanya nihisi kwamba habari niliyoiendea inatuhusu sote.

Likoni nilifika jioni, saa ambayo feri inarudisha watu. Wanaofanya kazi bandarini, hotelini na madukani kisiwani, wengi hulala upande huu wa kusini kwa kuwa kodi za kisiwani hawaziwezi, na huvuka kwa miguu bila nauli. Nilisimama pembeni nikawatazama wakimiminika, na nikakumbuka kwamba Mombasa ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1939 vibarua wa mji ule waligoma, na taabu ya nyumba ilikuwa miongoni mwa malalamiko yao makubwa. Mwaka 1947 ukaja mgomo mkubwa zaidi, uliomwinua Chege Kibachia na Shirikisho la Wafanyakazi wa Kiafrika. Watu walitiwa ndani kwa ajili ya mambo hayo. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba kodi ya mfanyakazi ni shauri lake mwenyewe na mwenye nyumba wake. Wazee wetu wa pwani walikwisha kuona kwamba ni shauri la mshahara.

Kesho yake nilipanda treni ya asubuhi ya SGR, reli ya kisasa ya kwenda Nairobi, ile inayosimama vituo vyote. Voi nilitazama upande wa vilima vya Taita, ambako dada yangu amezikwa na ambako mwanawe alikulia, kisha ikaja nyika ndefu, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, na mchana tukafika Syokimau. Kutoka hapo nilipanda matatu kuelekea mjini kwa Barabara ya Mombasa. Juu ya barabara hiyo imepita Expressway, barabara ya kulipia ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022, imebebwa na nguzo nene. Chini yake, pembeni mwa foleni, watu walikuwa wakitembea kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, wengine na viatu vya kazi vimefungwa kamba na kuning'inizwa begani. Mpwa wangu alinipokea Imara Daima. Unavuka reli, unaziacha nyuma nyumba za ghorofa zenye mageti na walinzi, na hatua chache mbele umekwisha kuingia Mukuru.

Mukuru ni mitaa mitatu iliyoshikana: Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani. Ilianzia kwenye machimbo ya mawe na mabonde ya Mto Ngong, ikakua kadiri viwanda vilivyokua. Ardhi yenyewe, sehemu kubwa, ina wenyewe kwenye makaratasi. Iligawiwa watu binafsi na makampuni miaka ya 1980 kwa hati za miaka 99, ili wajenge viwanda, na wengi hawakujenga kitu. Waliojenga ni wengine kabisa, watu wenye uwezo wa kununua mabati na mbao, wakaweka safu za vyumba na kuvipangisha. Hivyo mpangaji wa Mukuru anamlipa kodi mtu asiye na hati, juu ya kiwanja cha mtu ambaye hajawahi kumwona. Hesabu iliyofanywa mwaka 2017 na Muungano wa Wanavijiji, chama cha wakazi wa mitaa ya mabanda, na wenzao ilipata kaya zipatazo laki moja katika mitaa hiyo mitatu, na Agosti ya mwaka huo serikali ya kaunti ililitangaza eneo zima kuwa la mpango maalumu. Barabara kadhaa zimewekwa lami tangu hapo, na nilizikanyaga. Lakini Oktoba na Novemba 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kufungua njia ya barabara, na maelfu kwa maelfu ya watu wakalala nje. Jirani wa mpwa wangu, mama wa watoto wawili, ni mmoja wao. Aliniambia kwamba vitu alivyoviokoa ni godoro, sufuria na vyeti vya watoto, na kwamba vyeti ndivyo alivyokwenda kuvitoa kwanza.

Chumba cha mpwa wangu ni futi 10 kwa 10. Kuta ni mabati, paa ni mabati, dari hakuna. Kitanda kimekula ukuta mmoja mzima. Pazia la maua linakigawa chumba, na nyuma yake kuna jiko la gesi la kilo sita, masufuria, ndoo, na mitungi miwili ya maji ya lita 20. Katoni zilizopasuliwa zimebandikwa ukutani kuzuia upepo. Nilidhani baridi ya Nairobi ya mwezi wa nane naijua, kumbe sikuwahi kulala ndani ya bati. Usiku wa manane pumzi zetu ziligeuka matone chini ya paa, yakaanza kudondoka. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kulifikiria jambo hilo: amefunga nailoni juu ya kitanda, ameiinamisha upande wa miguuni, na maji yanachuruzika hadi kwenye kopo la rangi lililowekwa sakafuni. Asubuhi analimwaga kopo lile mtaroni kabla hata ya kunawa uso. Ndani ya chumba hicho hicho anapiga pasi, anapika, anapokea wageni. Mtoto wa jirani alikohoa usiku kucha, na kila alipokohoa ilikuwa kama yuko kitandani kwetu.

Kabla ya kulala nilimwomba anipigie hesabu. Kodi ni shilingi 3,000 za Kenya kwa mwezi. Umeme ni 400, anampa kijana aliyevuta waya kutoka nguzo ya mbali, na ukikatika siku tano hakuna wa kumrudishia kitu. Maji ni shilingi 10 kwa mtungi, mitungi miwili kwa siku, yaani 600 kwa mwezi. Choo ni cha kulipia kila uendapo, na bafu vilevile, kwa mwezi hazipungui 900. Jumla ni 4,900. Nikayarudia yale maji. Mtungi ni lita 20, kwa hiyo lita 1,000 zinamgharimu shilingi 500. Nyumba yenye bomba na mita, kama zile za ng'ambo ya reli nilizozipita mchana, haitozwi hata karibu na hapo kwa maji yayo hayo ya mji huo huo. Watu husema maskini anaishi Mukuru kwa sababu ni rahisi. Ukipima kwa futi ya sakafu, kwa mtungi wa maji, kwa usiku wa usingizi, Mukuru ni ghali.

"Basi mbona huhami?" nilimuuliza.

"Mjomba, mimi chumba silipii," alisema. "Nalipia kuwa karibu na lango."

Maana ya maneno hayo niliiona kesho yake.

Tulitoka saa kumi na moja na nusu, giza bado. Nilitarajia kukuta njia tupu. Njia ilikuwa imejaa watu, wanaume kwa wanawake, wote wakielekea upande mmoja, kimya, kwa mwendo wa haraka usio wa kukimbia. Tulivuka Mto Ngong kwenye daraja jembamba. Maji meusi, harufu ya kemikali inakwaruza koo. Kila njia panda watu wengine waliongezeka, hata tulipotokea kwenye Barabara ya Lunga Lunga tulikuwa tumeijaza ukingo hadi ukingo na malori yakabidi yasubiri. Tulipita karibu na Sinai. Mpwa wangu alinionyesha kwa kidole tu bila kusimama. Tarehe 12 Septemba 2011 bomba la mafuta lilivuja hapo, petroli ikaingia mtaroni, moto ukalipuka katikati ya vibanda, na watu zaidi ya 100 wakafa. Mara nyingi nimesikia watu wakiuliza mtu mwenye akili anajengaje kibanda karibu na bomba la mafuta. Jibu liko barabarani pale saa kumi na mbili kasoro asubuhi: Sinai ni dakika chache kwa miguu kutoka malango ya viwanda.

Lango letu lilikuwa la kiwanda cha vyombo vya plastiki. Sikitaji jina, maana malango mengine niliyoyaona siku hiyo yalikuwa na desturi ile ile. Watu wapata mia walikuwa wamekwisha kusimama, wengine wameegemea ukuta, wamevuta kofia hadi machoni. Saa kumi na mbili na robo mlango mdogo ulifunguliwa, akatoka msimamizi na daftari. Hakusema habari za asubuhi. Alitembeza macho, akaanza kunyoosha kalamu: wewe, wewe, wewe mwenye jaketi, wewe ulikuwa jana, ingia. Wanawake wawili walisogea mbele wakarudishwa. Mzee mmoja aliyevaa ovaroli safi iliyopigwa pasi alijiweka mahali pa kuonekana, akarukwa. Nilimwona akishusha pumzi, akalegeza mkanda, akatazama upande wa lango jingine barabarani. Mpwa wangu alichaguliwa. Hakuniangalia alipokuwa anaingia, nami nilielewa. Mlango ukafungwa. Waliobaki hawakulalamika. Waligawanyika wakaondoka upesi, kwa kuwa kuna malango yanayochagua saa moja.

Nilibaki na mama mmoja anayeuza chai na mandazi kwenye meza ya mbao kando ya ukuta. Amekuwa pale miaka mingi na anawajua kwa sura.

"Baba, hawa ukiwaambia wahamie mbali utawaua," alisema huku akinimiminia. "Akae Mlolongo, akae Ruai, sawa, kodi ni nafuu. Atafikaje hapa saa kumi na mbili? Na akifika asichaguliwe, nauli si imekwenda? Huyu wa Mukuru asipochaguliwa anarudi nyumbani kwa miguu, hajapoteza kitu ila usingizi."

Mama yule, kwa maneno machache na birika mkononi, alinipa kilichonileta. Makazi ya kibarua hayaamuliwi na kodi peke yake. Yanaamuliwa na kutojua kama kesho ana kazi. Mwenye ajira ya mwezi anaweza kupiga hesabu ya nauli, akakaa mbali kwenye hewa na nafasi, akalipa kwa tarehe. Mwenye ajira ya siku hana hesabu ya kupiga. Lazima alale pale ambapo kukosa kazi hakumgharimu nauli, na kwa kuwa maelfu wote wana sharti hilo hilo, wenye vyumba vya mabati wanaweza kutoza watakacho.

Mpwa wangu hupata shilingi 600 kwa siku aliyochaguliwa. Mwezi mzuri anachaguliwa siku 20, zinakuwa 12,000. Mwezi mbaya ni siku kumi na kidogo, na mwezi ule mlango ulipong'olewa ulikuwa mmojawapo. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua asiye na ujuzi katika Nairobi, kwa kiwango kilichotangazwa mwaka 2024, ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi, na hiyo ni kabla ya posho ya nyumba. Posho hiyo si hisani. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kwa gharama yake mwenyewe, ampe mfanyakazi makazi yanayofaa mahali pa kazi au karibu napo, au amlipe juu ya mshahara fedha za kutosha kodi, isipokuwa kama mkataba umekwisha kuziunganisha fedha hizo ndani ya mshahara. Mahali pa kazi au karibu napo! Niliposoma maneno hayo kwenye simu yangu, nikiwa nimekaa kwenye benchi la yule mama wa chai, nilikumbuka kambi ya mkonge. Sheria ya nchi huru imeliandika vizuri kuliko wenye mashamba walivyowahi kulitenda.

Na kibarua wa siku? Naye sheria imemfikiria. Kifungu cha 37 kinasema kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo jumla yake ikafika mwezi mmoja, ajira yake inahesabiwa kuwa ya mwezi, na akiendelea hadi miezi miwili anapata haki zinazokwenda nayo. Ndiyo maana pale langoni kuna desturi ambayo kila mtu anaijua: ukikaribia kutimiza muda, kalamu inakuruka siku kadhaa. Unapumzishwa. Kisha unachaguliwa tena kama mgeni. Mpwa wangu amekuwa mgeni wa kiwanda kile kwa miaka minne. Anazijua mashine zake kwa mlio, amewafundisha vijana kuziendesha, na kwenye daftari la msimamizi yeye ni mtu wa jana tu.

Jumapili moja tulikwenda kutafuta chumba kingine. Nilitaka aone ukuta wa mawe. Kuna mtaa wa Pipeline, Embakasi, unaopakana na Mukuru kwa Njenga, na tofauti yake na Mukuru ni kwamba umekwenda juu. Majengo ya ghorofa saba, nane na zaidi yamebanana hata barabarani mchana ni giza, na nguo zilizoanikwa kwenye varanda za pande mbili zinakaribia kugusana. Mwangalizi wa jengo moja alitupandisha hadi ghorofa ya sita. Ngazi zilikuwa zimelowa, kwa sababu watu walikuwa wakipandisha maji kwa mitungi. Bomba, alituambia, hutoka siku mbili kwa wiki. Chumba kilikuwa na ukubwa ule ule wa futi 10 kwa 10, cha mawe, kimepakwa rangi, na dirisha moja. Nilifungua dirisha lile nikanyoosha mkono, nikagusa ukuta wa jengo la pili. Kodi ni 5,500 kwa mwezi, na amana ya mwezi mmoja kabla ya kuingia, na umeme wa kununua tokeni mwenyewe. Choo ni kimoja kwa vyumba vinane.

Mpwa wangu alizunguka chumba kile akagonga ukuta kwa kiganja. Alikipenda, niliona. Kisha akamuuliza mwangalizi swali moja tu: mtu akichelewa na kodi, mwenye nyumba huvumilia hadi tarehe ngapi? Mwangalizi akajibu tarehe 5, baada ya hapo anafunga kwa kufuli lake. Tukamshukuru, tukashuka. Njiani nilimwambia kwamba kwetu Tanzania hata hapo asingefika, kwani Dar es Salaam mwenye nyumba huweza kukudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na dalali naye anataka mwezi wake. Kijana anayelipwa kwa mwezi anakopa nusu mwaka ili apate pa kulala, na asipopata wa kumkopesha anakwenda mwisho wa lami, Chanika au Mbagala ya ndani, akilala saa nne usiku na kuamka saa tisa. Alinisikiliza akatikisa kichwa. "Basi nyinyi hufungwa mlangoni," alisema, "sisi hufungiwa ndani."

Siku nyingine alinipeleka kuziona nyumba za serikali. Zipo Mukuru penyewe, majengo marefu yenye rangi safi, na Mei 2025 Rais William Ruto alikabidhi funguo za nyumba 1,080 za mwanzo kati ya 13,248 zilizopangwa. Fedha zinatokana na tozo ya asilimia 1.5 ya mshahara wa kila mfanyakazi, na mwajiri analipa kiasi kama hicho. Mahakama iliibatilisha tozo hiyo Novemba 2023, ikarudi kwa sheria mpya Machi 2024. Nimesikia mengi mabaya juu ya mpango huu, na Wakenya wana haki ya kuhoji fedha zao. Mimi nitasema nilichokiona. Niliona wanawake wakianika nguo kwenye varanda yenye jua. Niliona watoto wakicheza mahali ambapo hapapiti mtaro wa maji machafu. Mama mmoja aliyehamia kutoka vyumba vya mabati alituacha tutazame jikoni kwake; alifungua bomba, akaliacha litiririke kidogo huku akitutazama usoni, kisha akalifunga kwa uangalifu. Hapo pana nyumba za kweli, zimejengwa mahali panapofaa, umbali wa kutembea hadi malangoni. Wanaojenga makazi ya wafanyakazi jangwani na kushangaa hakuna anayehamia waje wajifunze hapo.

Lakini 13,248, hata zikikamilika zote, ziko mbele ya kaya laki moja. Na kuna jambo gumu zaidi ya idadi. Sheria imetenga nyumba za kijamii kwa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi, na kwa maneno hayo mpwa wangu anastahili. Malipo ya mwezi ya chumba kidogo hayako mbali sana na yale anayoyatoa sasa ukijumlisha maji na umeme. Tulipokaa na simu kujaza maombi, swali la kipato chake cha mwezi lilimkwamisha. Mwezi upi? Aliweka simu chini, akaiokota, akaandika 9,000, akaifuta, akaandika 11,000. Nyumba ya kulipia kila mwezi kwa miaka mingi inataka mtu mwenye mwezi, naye ana siku tu. Maombi tuliyatuma. Hadi ninaandika haya hajajibiwa.

Jioni ya mwisho wenzake walikuja kuniaga, vijana wanne na dada mmoja anayefunga biskuti kwenye katoni. Tulikula chapati na maharagwe, wengine wamekaa kitandani, wengine kwenye mitungi. Niliwauliza wangetaka nini kwanza, nyumba au nini. Nilidhani watasema nyumba. Yule dada alijibu kabla ya wengine: "Mimi nataka barua tu, mzee. Barua ya kazi. Nikiwa na barua, nyumba nitajitafutia." Hakuna aliyempinga.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Sheria ya Ajira imeeleza mwajiri afanye nini, na kibarua awe nani baada ya mwezi. Sheria mpya haihitajiki hapa. Kinachohitajika ni maofisa wa kazi waende Barabara ya Lunga Lunga, Barabara ya Likoni na Barabara ya Enterprise saa kumi na mbili asubuhi, si saa nne, wasimame na wale watu ukutani, waombe madaftari ya wasimamizi, wasome majina ya mwaka mzima na kuhesabu jina lipi limerudi mara ngapi. Vyama vya wafanyakazi viwe pale pale. Na sisi wa Tanzania tunaonunua beseni na ndoo zinazovuka mpaka kutoka viwanda hivyo, tuanze kuuliza aliyezitengeneza amelala wapi, kisha tuwaulize wabunge wetu ni lini kodi ya miezi sita itapigwa marufuku kwa sheria.